Doa Jeupe Kwenye Picha ya Baba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule Nurto alikuwa na kazi tatu: kumvalisha mdogo wake Muse, kuchemsha maziwa ya chai, na kuziweka gambuti za baba yake mlangoni, ncha zikielekea nje, vile alivyozipenda. Walikaa ghorofa ya pili huko Kiamaiko, mtaa wa soko la mbuzi na machinjio, dirisha lao likitazama njia ya kupitishia mbuzi, kwa hiyo saa ya kuamshia watu haikuwa na kazi nyumbani kwao. Malori kutoka kaskazini yalishusha mizigo kabla ya jua kuchomoza, na mbuzi wakishuka hawakuuliza nani bado amelala.

Baba yake, Issack, alikuwa mchinjaji. Usidhani kazi hiyo ni kisu kikali tu. Kiamaiko nyama huliwa kwa neno la mtu. Mnunuzi aliyetoka Donholm hakuwepo mbuzi alipolazwa, wala hakusikia jina la Mungu likitajwa juu yake. Alichojua ni kwamba Issack amesema amelitaja, na Issack hasemi uongo. Walikuwapo wachinjaji wenye mkono mwepesi kuliko wake, lakini wanunuzi wakubwa walimngoja yeye, na kwa miaka kumi na minane neno lake lilikuwa limetosha. Alijivunia jambo hilo, na Nurto alijivunia hata zaidi.

Lakini mwaka ule kilikuja kikohozi. Kilianza Julai na baridi, kama cha watu wote, kisha watu wote wakapona na chake kikabaki. Kufikia Septemba kilikuwa kikifika nyumbani kabla ya mwenyewe, maana Nurto alikisikia kutoka chini kwenye ngazi. Mashati yakaanza kumning'inia baba yake. Shuka zake ziliamka zimelowa jasho. Mama, ambaye jina lake ni Filsan, alisema ni vumbi la manyoya ya mbuzi, naye baba alisema ni umande wa alfajiri. Walikuwa wakifarijiana tu, na kila mmoja alijua kuwa mwenzake anajua.

Kisha chifu akatangaza kwamba gari la eksirei litakuja uwanjani kwake Jumanne ya wiki iliyofuata, kuwapima watu vifua bila malipo. Mama akasema Issack ataenda. Baba hakukataa.

Mwalimu wa sayansi wa Gredi ya Nane, Bwana Lusweti, alikuwa mtu wa Bungoma mwenye sauti nzito na vumbi la chaki lisilomtoka nywelini. Aliposikia habari za lile gari, aliiacha mada ya wiki hiyo akachora ubaoni kitu kama chupa iliyolala.

"Hii ni tyubu ya kioo," alisema. "Imeondolewa hewa yote. Upande huu kuna waya mwembamba. Ukitiwa umeme unawaka mwekundu kama waya wa jiko la umeme, na ukishapata joto unatoa chembe ndogo mno zinazoitwa elektroni. Upande wa pili kuna bamba la metali ngumu, tangsteni. Kati ya waya na bamba kunawekwa umeme wa volti laki moja hivi. Elektroni zinavutwa, zinakimbia kwa kasi ambayo hakuna ndege inayoijua, halafu zinaligonga bamba na kusimama ghafla. Ile nguvu zilizokuwa nayo inaenda wapi?"

Mwalimu aliwauliza basi nini hutokea wavulana wanapopiga mpira ukagonga geti la bati la jirani. Mpira unasimama, walijibu, lakini kishindo kinaingia hadi ndani ya nyumba, na jirani anatoka. Bwana Lusweti akacheka, akasema ndivyo ilivyo. Elektroni husimama, na karibu nguvu yao yote hugeuka joto, hadi lile bamba likahitaji kupozwa. Sehemu ndogo tu, kama moja kwa mia, hutoka ikiwa miale ya eksirei. Miale hiyo ni ndugu wa mwanga, ila macho hayaioni, nayo hupenya pale mwanga wa kawaida unapokwama. Hewa iliyo mapafuni huiacha ipite, na hivyo mapafu mazima hutokea meusi kwenye picha. Nyama huizuia kidogo. Mfupa huizuia zaidi, nao hutokea mweupe.

"Na yale madini mazito yanayoitwa risasi huizuia kabisa," alimalizia. "Ndiyo maana tyubu yenyewe hufunikwa kwa risasi pande zote, pakaachwa kidirisha kimoja tu cha kutolea miale."

Kengele ikalia papo hapo. Bwana Lusweti akaahidi kwamba Alhamisi wangemalizia, waone miale ikishaingia mwilini inakuwaje.

Alhamisi hiyo Nurto hakwenda shule. Baba aliamka akitetemeka, mama akabaki kumwangalia, na Nurto alishinda kwenye kibanda cha chai cha mama yake akiwahudumia wachuuzi wa mbuzi na kumkimbiza Muse asijitie chini ya malori. Muse alikuwa na miaka mitatu na aliwapenda mbuzi kuliko watu. Nusu ya pili ya somo ikampita Nurto hivyo, na aliporudi shuleni hakumwuliza mtu alichokosa.

Aliyeijaza ile nusu ni Jacky. Jacky alikaa naye dawati moja, na alikuwa rafiki wa kweli, mwenye moyo mzuri, lakini alikuwa na ugonjwa wa kujua kila kitu, hata masomo aliyoyasikiliza kwa sikio moja, kama lile la Alhamisi.

"Buda yako asiende kwa hiyo gari," alimwambia Ijumaa wakitoka shuleni. "Ile kitu huchoma mtu ndani na haitokangi. Kuna nyanya kwa ploti yetu alipigwa hiyo picha, miezi mbili tu, akaenda."

"Lakini si alikuwa mgonjwa?"

"Sawa, alikuwa mgonjwa. Lakini nikuulize, kama hiyo mashine ni salama, mbona mwenye kuibonyeza hujificha nyuma ya ukuta?"

Swali hilo lilimfuata Nurto nyumbani, likakaa naye wakila, likamwangalia baba yake pamoja naye.

Baba alivaa hirizi shingoni, kijifuko cha ngozi chenye karatasi ya dua ndani. Alifungwa hirizi hiyo na mama yake mzazi kabla hajaanza madrasa. Imamu wa mtaa hakuipenda, na Issack hakubishana naye. Alisema tu kwamba mkono uliomfunga uko kaburini. Hirizi hiyo haikutoka shingoni mwake ila mshono ulipofumuka, na Jumamosi hiyo ulifumuka. Mwenye mkono mzuri wa sindano pale nyumbani alikuwa Nurto, kwa hiyo baba aliivua akampa, na wazo likamjia Nurto hapo hapo, kamili, kana kwamba mtu amemnong'oneza.

Alishuka hadi kwa Wahome, fundi wa magurudumu kando ya barabara ya Outer Ring, ambaye alikuwa na debe la vipande vya risasi vya kusawazishia magurudumu. Wahome alimwuliza anakitakia nini kipande kimoja. Nurto alijibu bila kupepesa macho kwamba ni cha shule, wanasoma madini. Wahome, mtu mwema, alikigonga kwa nyundo hadi kikawa bamba dogo, pana kama kiberiti, akampa na kumwonya anawe mikono na asilambe vidole, kwani kitu hicho ni sumu.

Kamba ya hirizi ilipita shingoni na chini ya kwapa, kwa hiyo yenyewe ilikaa upande wa kushoto wa kifua, chini kidogo ya bega. Moyo uko kushoto, Nurto alifikiri. Mwili wote hawezi kuukinga, lakini angalau moyo wa baba yake miale isiuguse. Akalitia bamba ndani pamoja na ile karatasi ya dua, akashona kwa mishono midogo midogo isiyoonekana. Alishona huku akilia kidogo, na aliamini kwamba hajawahi kufanya jambo jema kuliko hilo.

"Imekuwa nzito," baba alisema alipoivaa.

"Nimeongeza ngozi, Aabo."

Issack alimwamini. Hakuzoea kuwashuku watu, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kuwapa watu sababu ya kumshuku.

Jumanne alasiri uwanja wa chifu ulijaa. Nusu ya foleni walikuwa watu wa Kiamaiko, wachinjaji, wachunaji ngozi na wauza matumbo, wote wakitaniana kwa woga. Nurto alikuwa ameomba kumsindikiza baba yake, akasimama kwenye ngazi ya gari karibu na mlango uliokuwa wazi kwa sababu ya joto. Mpigapicha aliitwa Wanza, mwanamke mpole mwenye macho yaliyochoka. Alimwomba Issack avue shati na kila kitu kilicho kifuani.

Issack alivua shati. Kisha akamweleza, kwa sauti ya chini, habari ya mama yake na ile hirizi, na kwamba sasa anapoumwa hangependa kuivua. Wanza alimwuliza kama ina chuma chochote ndani.

"Ngozi na karatasi tu," baba alisema. "Wallahi."

Wanza alisita, akaitazama foleni, akasema basi iache, ngozi na karatasi havisumbui miale. Akaenda nyuma ya kizuizi chake, akamwambia avute pumzi na kuishikilia. Kikasikika kilio kifupi cha mashine, kisha picha ikaja kwenye kioo cha kompyuta. Nurto aliiona kutoka mlangoni. Aliona mbavu za baba yake, zilizopangika kama fito, na weusi wa mapafu katikati yake. Juu, upande wa hirizi, palikuwa na doa la pembe nne, jeupe kama chaki, lililofunika kila kitu kilichokuwa nyuma yake.

"Mzee, hiki ni nini?" Wanza aliuliza.

"Ni ile hirizi."

"Ngozi haitokei hivi. Hiki ni chuma, tena kizito. Nilikuuliza, ukaniapia uongo."

Hakupaza sauti. Lakini mlango ulikuwa wazi, na foleni ya Kiamaiko ina masikio marefu. Alimwambia avue kitu hicho wapige tena, lakini Issack alikuwa ameshaanza kufunga vifungo vya shati. Kifungo kimoja kikakataa.

"Binti," alimwambia Wanza, "watu wanakula nyama kwa neno langu miaka kumi na minane. Leo umeniita mwongo mbele yao." Akateremka ngazi akampita Nurto bila kumwona.

Hapo ndipo pa kusema. Maneno matatu tu yangetosha: ni mimi niliyetia. Nurto alifungua kinywa, akaiona ile foleni yote ikimtazama baba yake, akakifunga.

Habari ilifika sokoni kabla yao. Kesho yake wachunaji walimwita baba Mzee wa Chuma, kwa utani, na yeye si mtu wa kutaniwa hivyo. Siku ya tatu mnunuzi wake wa zamani kutoka Donholm alimwuliza, kwa adabu, kama mbuzi wale wote kweli aliwatajia jina la Mungu. Baba alirudi nyumbani saa nne asubuhi, akaketi kitini na gambuti zake miguuni. Kuifumua hirizi aone kilichomo hakukumpitia akilini, kwa kuwa aliyeishona ni Nurto. Mama alipomsihi arudi akapimwe, alisema yuko radhi kufa akiwa mkweli kuliko kupimwa akiwa mwongo. Mama akalia. Nurto alikuwa kando akimlisha Muse uji, na kijiko kilimgonga mtoto meno.

Kila siku alijiambia atasema kesho. Ilikuwa vigumu zaidi kila siku, kwa kuwa sasa alikuwa na vitu viwili vya kukiri: alichofanya, na siku zote alizonyamaza. Leso ya baba ikaanza kuwa na damu, na baba akaifua mwenyewe ili mama asione. Wiki ya tatu Muse aliacha kuwakimbilia mbuzi. Alikaa dirishani akiwatazama tu, amejifunga shuka ya mama, na jioni alikohoa, kikohozi kidogo kikavu, kama anayemwigiza baba yake.

Siku ya ishirini na moja Bwana Lusweti alifanya marudio. Aliwaambia wafunge mapazia, akawasha tochi ya simu yake, akamwita Jacky aweke mkono mbele yake. Kivuli cha mkono kikatokea ukutani. Hiyo ndiyo picha ya eksirei, alisema, ni kivuli tu, isipokuwa miale hiyo hupita ndani ya mwili na kuchora kivuli cha vilivyomo. Kisha akaizima tochi.

"Je, mwanga umebaki ndani ya mkono wa Jacky?"

Darasa likacheka. Jacky mwenyewe akacheka, akiugeuzageuza mkono wake.

"Hata miale ya eksirei haibaki," mwalimu alisema. "Umeme ukikatwa, elektroni zinaacha kukimbia, na miale inakwisha wakati huo huo. Hakuna kinachosalia kifuani kikimchoma mtu."

Nurto aliinua mkono. "Mwalimu, kama ni hivyo, mbona mwenye mashine hujificha nyuma ya ukuta?"

Bwana Lusweti alisema hilo ndilo swali alilolingoja tangu ile Alhamisi. Miale hiyo ina madhara ikizidi, alieleza, na kwa hiyo haipigwi ovyo. Picha moja ya kifua ni kipimo kidogo sana, karibu sawa na miale tunayoipata sote kutoka ardhini na angani kwa siku chache. Lakini mpigapicha anawapiga watu kwa makumi, siku baada ya siku. "Ukipita mara moja penye moshi wa mchoma nyama, huumwi kifua," alisema. "Anayesimama hapo mwaka mzima ndiye wa kujikinga."

Wenzake walikuwa bado wanachekea tochi. Nurto alikuwa anaona doa jeupe la pembe nne. Hapakuwa na hatari yoyote ya kumkinga baba yake nayo. Alikuwa ameufunika ugonjwa wenyewe usionekane, kisha akamwachia baba yake jina la mwongo.

Alifika nyumbani alasiri. Baba alikuwa amemaliza kuswali, amelala ubavu juu ya godoro, na Muse amelala mgongoni kwake. Nurto alichukua mkasi wa mama akapiga magoti.

"Aabo, nipe hirizi."

"Mshono umefumuka tena?"

"Haujafumuka. Nataka kuufumua."

Baba alimtazama kidogo, akaivua akampa. Nurto alikata uzi wake mwenyewe, mshono mmoja mmoja, na lile bamba likaanguka mkekani kwa kishindo kidogo kizito. Baba aliliokota. Alilipima kiganjani, kama anavyopima kitu asichokijua. Nurto akamweleza yote bila kupunguza: nusu ya somo, maneno ya Jacky, uongo aliomwambia Wahome, uongo aliomwambia yeye, na ngazi ya lile gari aliposimama na kufunga kinywa.

Baba aliligeuza bamba upande wa pili, kisha akaligeuza tena. Nurto alitamani ampige.

"Kwa hiyo siku zote hizi," hatimaye alisema, "wewe peke yako ulikuwa ukijua kwamba mimi si mwongo."

"Ndiyo, Aabo."

"Na ulikuwa ukinisikia nikikohoa."

"Ndiyo."

Akageuza uso ukutani, na Nurto akaona mabega yake yakitikisika, na safari hii haikuwa kikohozi. Aliumia kuliko alivyowahi kuumia, na hakuwa na mtu wa kumlaumu. Baada ya kitambo baba aliuliza, bila kugeuka, lile gari liko wapi sasa. Nurto alikuwa amesikia kwamba liko mtaa wa Mowlem.

"Kesho tutakwenda," alisema. "Ulinichafua mbele ya watu, basi utanisafisha mbele ya watu."

Huko Mowlem foleni ilikuwa ndefu vilevile, na baadhi ya wachinjaji wa Kiamaiko waliokosa siku ya kwanza walikuwamo. Baba alikuwa ameiacha hirizi kwa mama. Alisimama kando ya ngazi, akapumua kwa shida, akamwashiria Nurto. Nurto alipanda ngazi mbili ili aonekane. Hakuna aliyemwambia anyamaze wala aongeze sauti. Alisema jina lake, akasema baba yake aliapa kweli, kwamba ndani ya hirizi palikuwa na ngozi na karatasi kwa kadiri alivyojua, na kwamba aliyetia risasi ni yeye. Akalionyesha lile bamba. Aliliinua juu hadi wote walipoliona.

Wanza aliteremka kutoka ndani ya gari.

"Mzee," alimwambia Issack, "mashine ilisema kuna metali, na kweli ilikuwepo. Haikusema nani aliitia. Hilo niliongeza mimi, na nilikosea. Tena nilikosea kukuruhusu uingie nayo. Naomba unisamehe."

"Nimekusamehe," baba alisema. "Sasa nipige hiyo picha."

Safari hii hapakuwa na doa la pembe nne. Pale pale lilipokuwa, juu ya pafu la kushoto, palikuwa na wingu jeupe, na katikati ya wingu tundu, duara jeusi lenye ukingo. Wanza hakuwa na haja ya kueleza mengi. Issack aliinama karibu na kioo akatazama kwa makini, kama mtu aliye kazini.

"Mapafu ya mbuzi nimeyashika maelfu," alisema taratibu. "Haya ningeyatupa."

Makohozi yalipimwa, yakathibitisha kifua kikuu. Akaanzishiwa dawa za miezi sita, na kisu chake kikawekwa juu ya kabati. Daktari aliagiza nyumba nzima ipimwe. Mama na Nurto walikutwa wazima, wakapewa dawa za kuzuia. Muse alikutwa mgonjwa. Mtoto wa miaka mitatu hana nguvu ya kuukohoa ugonjwa huo nje, nao humwenea haraka. Alilazwa majuma matano. Nurto alikwenda kila siku baada ya shule akaketi kando ya kitanda chake, na siku nyingi mtoto hakumtambua kwa homa. Alikuwa amekonda hadi Nurto angeweza kuzihesabu mbavu zake bila mashine yoyote.

Siku moja alimwuliza daktari wa wodi swali lililokuwa likimla. Je, Muse aliambukizwa katika zile siku ishirini na moja? Daktari alikuwa mtu mzima, hakumdanganya. Alisema huenda ilikuwa kabla, kwani baba alikuwa akikohoa tangu Julai, na huenda ilikuwa ndani ya siku hizo. Hakuna atakayejua. "Picha huonyesha kidonda," alisema. "Haionyeshi siku kilipoingia."

Muse alirudi nyumbani. Baba alimaliza dawa zake Aprili, na picha ya tatu ikaonyesha mstari mweupe mwembamba, kovu, mahali palipokuwa na tundu. Wanunuzi wake walikuwa wamerudi kabla hata yeye hajarudi kazini, maana habari ya binti aliyepanda ngazi Mowlem ilisafiri haraka kama ile ya kwanza. Lakini pumzi yake haikurudi yote. Alichinja mpaka saa tatu tu, kisha akawaachia vijana.

Jioni moja Nurto alikuwa akiishona hirizi upya, ngozi na karatasi tu, kwa mishono inayoonekana. Baba alikuwa akimtazama. Alichukua lile bamba la risasi, lililokuwa limewekwa dirishani mbali na mikono ya Muse, akaliweka mbele yake.

"Ulitia kitu hiki kwa kunipenda," alisema. "Hilo nililisamehe siku ile ile. Kosa lako la kwanza ni kwamba ulikuwa na nusu ya somo na ukaijaza kwa uvumi, wakati mwalimu alikuwa hatua kumi kutoka dawati lako. Usipojua, uliza mwenye kujua, hata kama utachekwa. Na ukishajua kwamba umekosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama unaogopa. Mimi ningeupata ugonjwa huu uwe umesema au hujasema. Lakini dawa ningeianza siku ishirini na moja mapema, na katika siku hizo Muse alikuwa akilala mgongoni kwangu."

Nurto aliukata uzi kwa meno, akampa hirizi. Baba aliivaa, akaipapasa, akamwambia ni nyepesi.

Asubuhi iliyofuata Nurto alichemsha maziwa, akamvalisha Muse sweta, akaziweka gambuti mlangoni, ncha zikielekea nje. Alipokuwa akichukua mkoba wake, Muse alikohoa mara moja. Nurto alisimama mkono ukiwa kwenye mlango, akangoja kikohozi cha pili. Alingoja hadi chai ya baba ilipopoa. Hakikuja. Mtoto alikuwa amekwenda dirishani, akiwaita mbuzi. Ndipo Nurto akaenda shule.